Mtani Hakasirikiwi

Habari za wachezaji wa zamani wa chuo chetu huniingia kwenye simu mara moja kwa mwezi, na mara nyingi zinanikuta kwenye basi nikielekea kazini Downsview, huku Kanada. Ninauza vipuri vya magari. Kutwa nzima nasimama kaunta nikiwauzia watu breki na betri, kisha jioni narudi Etobicoke kwa basi, na wenzangu kazini wamechoka kunicheka kwa hilo. Nitaeleza kwa nini baadaye. Basi ninakaa dirishani nasoma: fulani aliyekuwa mlinzi amefungua duka la matairi Pickering, fulani amepata mapacha, fulani amebadilishwa goti la pili. Habari zote ni fupi na zote ni nzuri. Humo hata anayekufa hufa vizuri, amezungukwa na familia yake.

Mimi sijawahi kutajwa. Anayetajwa ni mtani wangu. Mtani wangu amesajiliwa na timu ya kulipwa, mtani wangu ameumia kisigino, mtani wangu amestaafu na sasa anafundisha watoto wa shule. Halafu siku moja nikasoma kwamba picha yake itatundikwa kwenye ukuta wa heshima wa chuo, na kutakuwa na chakula cha jioni, na wote tuliocheza naye tunakaribishwa. Nilifurahi. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kukasirika. Nilifurahi mpaka nikapitiliza kituo changu.

Sisi ni Wanyamwezi, kwao ni Wazaramo. Wakongwe wetu walikuwa wakishuka kutoka bara na mizigo vichwani, wakifika pwani wanapokelewa na wakongwe wao, na katika kugombana na kulishana huko ukazaliwa utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako. Anaweza kuingia kwenu akanyanyua sufuria jikoni akaondoka nalo, na wewe ukacheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuosha vyombo na kumwigiza marehemu ili watu wapumue. Malipo yake ni jambo moja tu: mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, umeuvunja utani, na aibu ni yako.

Familia zetu zilikutana huku, kwenye jengo moja la ghorofa nyingi, sisi juu na wao chini yetu. Tulikuwa wadogo, Kiswahili bado kimejaa mdomoni, wakati watoto wengine wa jengo walishaanza kuwajibu wazazi wao kwa Kiingereza. Nadhani ni utani uliotulindia lugha. Huwezi kumtania Mzaramo kwa Kiingereza, haikolei. Yeye aliniita mpagazi, mimi nikamwita muuza minazi, kwa sababu inasemwa kwamba Mzaramo akisikia ngoma inalia huuza hata mnazi wa urithi apate nauli ya kwenda kucheza. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwambia "tafadhali" au "samahani" hata mara moja. Kwa mtani, adabu ni tusi.

Baba yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, au ndivyo nilivyokuwa nikilalamika. Baba aliendesha folklifti kwenye ghala, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mtani wangu akiingia tu mlangoni mzee alikuwa anaanza uchokozi. Na alikuwa na sheria zake. Siku moja mgeni mmoja wa mama alikuja kwetu, akaanza kuwasema Wazaramo wa ghorofa ya chini, namna wanavyopika, namna wanavyovaa, huku anacheka na kusema ni utani tu. Baba alimkatiza.

"Utani ni wa machoni, dada yangu. Waite wapande hapa, uwaambie. Nyuma ya mtu hakuna utani, kuna umbea."

Yule mama alimaliza chai yake akaondoka. Nami nikaliweka neno lile mahali fulani kichwani bila kujua kama nitakuja kulihitaji.

Mpira wa Kanada tulianza kuucheza sekondari, ule wa kuvaa helmeti na kushika mpira mikononi. Mimi nilikuwa na mbio na viganja vikubwa, yeye alikuwa na maringo na mbio kidogo kuliko zangu. Chuo kimoja kikatuchukua wote wawili, tukawekwa nafasi ileile, wadakaji, wale wanaorushiwa mpira. Mimi nikawa wa kwanza, yeye akawa wa akiba yangu. Baba alikuja kila mechi ya nyumbani na chupa yake ya chai na koti lake la kaki lenye mfuko uliochanika, akakaa jukwaani hajui kinachoendelea.

"Mbona wanasimama kila dakika kufanya kikao?" alikuwa anauliza. "Huu ni mpira au ni kamati ya harusi?"

Mtani wangu alikuwa na sauti, na alinitania kwa Kiswahili mbele ya timu nzima, kisha akatafsiri ili na wengine wacheke. "Mpagazi, beba mzigo!" alikuwa akipiga kelele kila nikidaka. Wazungu na Wajamaika wa timu nao wakaanza kupiga kelele "mpagazi, mpagazi" wasijue wanasema nini. Nilipenda. Sijawahi kuwa na jina zuri kuliko lile.

Mwaka wetu wa mwisho, majani yalipoanza kuwa mekundu, ikajulikana kwamba wasaka vipaji wa timu za kulipwa watakuja kuangalia mechi za mwisho za msimu. Kocha aliniambia waziwazi kwamba wanakuja kuniangalia mimi. Baba akaomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua.

Katika mechi iliyotangulia hizo, niligongwa. Kugongwa ni kawaida, ndiyo kazi yenyewe. Niliamka, nikajipangusa matope, nikaendelea. Baadaye nikaangusha mpira mmoja rahisi, mpira ambao hata baba angeudaka na chupa yake mkononi. Tulipoingia kubadilisha nguo, mtani wangu akapanda juu ya benchi.

"Jamani, mpagazi leo anaona mipira miwili," alisema. "Na anadaka ule ambao haupo."

Akatafsiri. Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka, nikamjibu kama inavyopasa.

"Afadhali mimi naona miwili. Wewe hata huo mmoja nani amekurushia?"

Nao wakacheka zaidi. Yeye pia alicheka. Ninapoukumbuka uso wake sasa ninatafuta kitu humo, lakini sitadanganya, siku ile sikuona kitu.

Mazoezi yaliyofuata niliitwa na daktari wa timu. Alinisimamisha kwa mguu mmoja, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho, akaniuliza leo ni siku gani na tumefungwa na nani. Nilijibu yote. Nilimwambia niko mzima. Akanitazama kwa huruma, akasema kwamba kuna dalili zimeonekana, na kwamba kichwa kilichogongwa mara nyingi hakijui kama kimegongwa, na mwenye kichwa ndiye wa mwisho kujua. Sikuuliza dalili zimeonekana na nani. Nilidhani wameziona kwenye video, kwamba nilipepesuka na mwenyewe sikujijua. Nikawekwa nje mpaka msimu uishe.

Wasaka vipaji wakaja. Baba naye alikuja, na ruhusa yake, akanikuta nimesimama pembeni ya uwanja na suti ya michezo kama mtu wa kugawa maji. Mtani wangu alicheza nafasi yangu. Alicheza vizuri, siwezi kumpunja, alidaka hata mipira ya kushoto ambayo siku zote ilimshinda. Nami nilipiga kelele pale pembeni mpaka sauti ikakauka: "Uza minazi, uza minazi yote!" Wiki chache baadaye habari za chuo zikatangaza kwamba timu ya kulipwa imemtaka.

Sikumwonea wivu, au tuseme wivu ulikuwepo lakini ulikuwa wa kawaida, ule wa ndugu. Kilichonimaliza ni kichwa changu. Nilikuwa nimeambiwa na daktari kwamba mwenye kichwa ndiye wa mwisho kujua, na ukishaambiwa hivyo utakiamini vipi tena? Nikisahau ufunguo, ni kichwa. Nikikosa usingizi, ni kichwa. Nikiona taa za magari zimeachana kidogo kwenye mvua, moyo unanienda mbio. Nikaacha kuendesha gari, kwa sababu nilijiona siku moja nitaona magari mawili nikakwepa lile ambalo halipo. Mwanamke niliyetaka kumwoa alivumilia, akachoka, akasema anaolewa na mgonjwa asiye na ugonjwa. Sikumlaumu. Hivi ndivyo muuza breki alivyokuja kuwa mtu wa basi.

Na nani alikuwa akinifariji miaka yote hiyo? Mtani wangu. Alikuwa akinipigia simu kutoka alikokuwa, ananiuliza, "Mpagazi, leo unaniona wangapi?" nami nacheka. Niliona kwamba hakuna mwingine anayethubutu kuligusa jeraha langu, yeye tu, kwa sababu ni mtani. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Basi nikaenda kwenye chakula cha heshima. Meza zilikuwa na vitambaa vyeupe, kuku hana chumvi, na kila mtu amenenepa. Mtani wangu alipanda jukwaani akashukuru wazazi, walimu, kisha akaninyooshea kidole kutoka kule juu. Akasema kwa Kiingereza kwamba yule pale ndiye mpagazi wake, ndiye aliyembebea mzigo mpaka akafika. Watu wakageuka kunitazama, wakapiga makofi. Nilisimama nikainama kidogo kwa madaha na kukaa.

Kocha wetu wa zamani alikuwa kwenye meza ya keki, ameshika fimbo, masikio yamepungua. Alinishika mkono asiuachie. Akasema anafurahi kuniona ninatembea na kuzungumza, maana wengi wa rika langu vichwa vyao vimeharibika vibaya. Kisha akasema rafiki yangu aliniokoa.

Nikamuuliza aliniokoaje.

Akaniambia kama jambo ninalolijua. Kwamba jioni ile baada ya mechi mtani wangu alimfuata ofisini, akafunga mlango, akakaa. Akasema ni vigumu kumsema ndugu yake, lakini hawezi kunyamaza: ndugu yake anaona mipira miwili, na anadaka ule ambao haupo. Mwenyewe anaficha kwa sababu wasaka vipaji wanakuja. Kocha alisema hawezi kuusahau uso wake, uso wa mtu aliyefiwa. Hakucheka hata kidogo, alisema.

Maneno yalikuwa yaleyale. Hakuongeza hata moja. Aliyachukua kutoka kwenye benchi, mbele yangu, yakiwa utani, akayapeleka nyuma ya mlango uliofungwa na kuyasema na uso wa msiba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku zote nilidhani ni methali ya watu wenye maadui. Nilisimama pale na kipande cha keki, nikihisi aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Nilikuwa nimesalitiwa, na nilikuwa nimempigia makofi.

Nilimkuta nje kwenye maegesho, amezungukwa na wachezaji wenzetu. Nilimuuliza kwa Kiswahili ili wasielewe.

"Ulikwenda kwa kocha?"

Aliwatupia jicho wenzetu. Kisha akatabasamu.

"Mpagazi. Huo mzigo bado hujautua tu?"

"Ulimwambia naona mipira miwili. Ulijua sioni miwili."

"Si nilikuwa nakutania, bro."

"Kwa kocha? Ukiwa umefunga mlango?"

"Hee! Mnyamwezi kakasirika!" Akawageukia wenzetu, akawatafsiria kwamba mpagazi anadai malipo ya kubeba mizigo ya tangu enzi za babu. Wakaangua kicheko wote, mmoja akanipiga begani. Naye akanitazama, uso umekunjuka, akingoja. Alijua ninachotakiwa kufanya. Nilifanya. Nilicheka. Mdomo ulicheka wenyewe, kwa mazoea ya maisha mazima, na nikiwa nacheka nikaelewa kwamba alikuwa amejificha ndani ya utani tangu siku ile ya kwanza, na kwamba mlango wa kuingilia humo nikamkamata haupo.

Nilimweleza baba. Nilitegemea angewaka. Mzee alikuwa amestaafu, mapafu yake yameanza kumsumbua, anaangalia taarifa ya habari bila sauti.

"Yule ni mtani," alisema. "Mtani hakasirikiwi. Yaliyopita si ndwele."

"Baba, wewe ndiye uliyesema utani ni wa machoni."

 Alichukua rimoti akaongeza sauti ya televisheni. Niliona ameing'ang'ania ile rimoti, lakini hakunijibu, na hilo liliniuma karibu sawa na lile la kwanza. Labda aliona ameshazeeka, hawezi kumpoteza kijana anayemchekesha. Mimi nilikuwa sijamchekesha mtu siku nyingi.

Jambo moja zuri lilitoka humo. Baba alipozidiwa, nilichukua funguo za gari lake mezani. Mama akaniuliza nafanya nini, nikamwambia avae. Niliwapeleka hospitali mwenyewe kwa barabara kuu, malori kulia na kushoto, mvua inanyesha, na kila taa ilikuwa moja. Baba alikuwa kiti cha mbele, anapumua kwa shida. Tulipokaribia kutoka barabarani akaniwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka tukasimama. 

Alifariki wiki ile. Tulimzika, na siku ya hitima tukakodi ule ukumbi wa chini wa jengo letu, ambao wapangaji hufanyia sherehe za kuzaliwa. Mtani wangu alifika kabla ya watu wote. Nilimwona kupitia mlango wa kioo akishusha viti, kisha akakunja mikono ya shati lake zuri akaingia jikoni kuosha masufuria na akina mama. Hakuna aliyemwomba. Alifanya kazi yote ya mtani, na aliifanya vizuri, na hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba mtu yuleyule anaweza.

Dua ilipokwisha, akatoweka kidogo. Akarudi amevaa koti la kaki la baba, lile lenye mfuko uliochanika, kofia yake kichwani na chupa ya chai kwapani. Mama ndiye aliyempa. Akaketi kwenye kiti mbele ya watu wote, akamimina chai ambayo haipo, akapuliza, akakunja uso kama mzee alivyokuwa akiukunja.

"Mbona wanasimama kila dakika kufanya kikao? Huu ni mpira au ni kamati ya harusi?"

Ilikuwa ni sauti ya baba kabisa. Ukumbi ulipasuka. Wazee walishikana mabega, na mama yangu, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu mazishi, alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio na kulia vizuri. Hata mimi kicheko kilinifika kooni. Nilimpenda kwa dakika ile, nasema kweli.

Kisha akainuka, akaenda kusimama mlangoni pa jikoni, mikono ameitanua, pilau likiwa nyuma yake. Hiyo nayo ni haki ya mtani.

"Hakuna kula hapa," alitangaza. "Mpaka mpagazi aje anilipe. Na malipo yangu ni hili koti. Nimelirithi."

Watu wakanigeukia, wamekwishaanza kutabasamu. Walikuwa wanangoja tusi. Nilikuwa nalo tayari, kweli, lilikuja lenyewe: kwamba amelivaa koti la marehemu kwa sababu la kwake ameliuza aende ngomani. Ningelisema, ukumbi ungecheka, tungekula, na mambo yangeendelea hivyo mpaka mmoja wetu amzike mwenzake.

Nilimwendea. Nilisimama mbele yake, karibu, nikamtazama machoni.

"Asante sana kwa kufika, bwana," nilisema. "Umetusaidia sana katika msiba wetu."

Tabasamu lake lilibaki, lakini macho yalibadilika.

"Usiniite bwana, mpagazi."

"Samahani kama nimekuudhi."

 Mzee mmoja wa Kizaramo, baba mdogo wa mtani wangu, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Alikuwa ameelewa.

"Usifanye hivyo," mtani wangu alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakutafsiri kwa mtu yeyote. "Mbele ya watu. Usifanye hivyo."

"Naomba koti la baba yangu," nikasema. "Tafadhali."

 Akashusha mikono, akavua kofia, akavua koti. Akalikunja vizuri, mfuko uliochanika ukawa ndani, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mgeni.